Uchambuzi: Je, umri wa kocha uangaliwe kabla ya kumpa timu?

Tarehe 24 Januari 2024 Emerse Faé alitimiza miaka 40. Siku hiyohiyo alikabidhiwa timu ya taifa ya Ivory Coast, katikati ya mashindano ya AFCON ambayo nchi yake ndiyo iliyokuwa mwenyeji. Siku mbili nyuma Tembo hao walikuwa wamechapwa mabao 4-0 na Equatorial Guinea mbele ya mashabiki wao wenyewe. Kibarua cha kocha wao Mfaransa, Jean-Louis Gasset mwenye miaka 70, kikaota nyasi.

Faé hakuwa amewahi kuwa kocha mkuu wa timu yoyote ya wakubwa. Alifundisha vijana wa Nice na kikosi cha akiba cha Clermont huko Ufaransa, kisha akawa msaidizi wa Gasset. Hata shirikisho la soka la nchi yake halikumwamini moja kwa moja. Lilijaribu kumwazima Hervé Renard, ambaye wakati huo alikuwa na timu ya wanawake ya Ufaransa, na Wafaransa wakakataa.

Yaliyofuata wengi wetu tuliyasikia redioni. Ivory Coast walipenya hatua ya makundi kwa tundu la sindano, wakiwa miongoni mwa timu bora zilizoshika nafasi ya tatu. Wakawatoa mabingwa watetezi Senegal kwa mikwaju ya penalti, wakawafunga Mali wakiwa wachezaji 10 uwanjani, wakawaondoa DR Congo kwenye nusu fainali, na tarehe 11 Februari wakawafunga Nigeria 2-1 na kubeba kombe.

Tangu hapo habari hiyo imesimuliwa kwa namna moja tu: mzee katolewa, kijana kaingia, mambo yakanyooka. Mwaka 2022 Morocco nao walimwondoa Vahid Halilhodžić mwenye takriban miaka 70, wakamleta Walid Regragui mwenye miaka 46, na miezi michache baadaye wakawa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Ukiziweka habari hizi mbili pamoja unaweza kuona kama jibu limeshapatikana.

Ila tuangalie nani alishika nafasi ya tatu katika AFCON ileile ya Faé. Ni Afrika Kusini ya Hugo Broos, Mbelgiji ambaye wakati huo alikuwa na miaka 71. Ndiye huyohuyo aliyebeba kombe hilo akiwa na Cameroon mwaka 2017, katika kikosi ambacho wachezaji kadhaa wa Ulaya walikataa wito wake. Na Oktoba 2025, akiwa na miaka 73, aliipeleka Bafana Bafana Kombe la Dunia. Mara ya mwisho walishiriki mwaka 2010, tena kwa sababu walikuwa wenyeji.

Kama ujana ndio dawa, Broos tumweke wapi?

Wanachojua, si miaka waliyonayo

Tukiwachunguza makocha hawa mmoja mmoja, tunaona kitu kingine kilichofanya kazi. Regragui hakuwa mgeni wa kazi alipopewa Morocco. Alikuwa ameshachukua ubingwa wa ligi na FUS Rabat mwaka 2016, na Mei 2022 aliipa Wydad Ligi ya Mabingwa Afrika. Mtu wa miaka 46 anaweza kuwa na uzoefu kuliko wa miaka 60 aliyekaa muda mrefu bila timu. Halilhodžić naye hakuondolewa kwa sababu ya mvi. Alikuwa amegombana na wachezaji muhimu, Hakim Ziyech akiwemo, na Regragui alipokuja alimrudisha Ziyech kikosini.

Faé hakuwa na uzoefu wa ukocha mkuu, lakini alikuwa na kitu ambacho mgeni yeyote angekikosa siku ile: aliwajua wachezaji. Alikuwa nao mazoezini tangu 2022, anajua nani hapatani na nani, nani anaumwa na anaficha. Ukimtoa kocha mkuu katikati ya mashindano, huna wiki mbili za kufundishana majina.

Broos naye alikuwa na muda. Aliichukua Afrika Kusini Mei 2021, akashindwa kufuzu Kombe la Dunia la 2022, na wapo waliotaka aondoke. Shirikisho likamwacha. Alipofika Ivory Coast mwanzoni mwa 2024 alikuwa na karibu miaka mitatu na kundi lake, wengi wao wakiwa wachezaji wa Mamelodi Sundowns ambao wanacheza pamoja kila wiki.

Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu ambaye miaka yake ingekuambia lolote kati ya hayo. Ndiyo maana msimamo wa uchambuzi huu ni kwamba umri haufai kuwa mlango wa kumruhusu au kumzuia mtu kupata kazi. Una nafasi yake, lakini nafasi hiyo iko baadaye, pale klabu inapokaa chini kupanga mkataba: wa muda gani, kwa kazi ipi, na nani akae pembeni yake.

Klabu mbili zilizojua zinataka nini

Mfano mzuri wa kupanga uko Ujerumani. Oktoba 2015 klabu ya Hoffenheim, iliyokuwa mkiani mwa Bundesliga, ilitangaza mambo mawili. La kwanza, timu ingeshikwa na Huub Stevens, Mholanzi wa miaka 61, hadi mwisho wa msimu, kazi yake ikiwa kuinusuru isishuke daraja. La pili, msimu utakaofuata timu ingekwenda kwa Julian Nagelsmann, kocha wa vijana wa klabu hiyo, kwa mkataba wa miaka mitatu. Nagelsmann alikuwa na miaka 28. Alikuwa ameacha kucheza akiwa na miaka 20 kwa sababu ya goti, na wakati huo alikuwa bado anasoma kozi ya leseni ya juu ya ukocha.

Watu walicheka. Lakini mpango wenyewe ulikuwa na akili: mzee azime moto, kijana amalize masomo yake, kisha apewe timu akiwa na msimu mzima wa maandalizi. Februari 2016 moyo wa Stevens ukaleta matatizo na akalazimika kujiuzulu. Nagelsmann akaingia mapema kuliko ilivyopangwa, akawa kocha mkuu wa kudumu mdogo kuliko wote katika historia ya Bundesliga. Timu ilikuwa ya 17 kati ya 18. Ikanusurika kwa pointi moja. Msimu uliofuata ikamaliza ya nne. Leo Nagelsmann ndiye kocha wa timu ya taifa ya Ujerumani tangu 2023.

Mfano wa pili ni wa mzee. Mwaka 2024 klabu ya Roma ya Italia ilimpa Daniele De Rossi, nyota wake wa zamani mwenye miaka 40, mkataba mpya hadi 2027. Septemba, baada ya mechi nne tu za ligi, ikamfukuza. Akaja Ivan Jurić, naye akaondoka Novemba. Timu ikiwa ya 12, Roma ikabisha hodi kwa Claudio Ranieri aliyekuwa na miaka 73 na ambaye miezi sita tu nyuma alikuwa ametangaza kustaafu ukocha.

Ranieri ni yuleyule aliyeipa Leicester ubingwa wa England mwaka 2016 akiwa na miaka 64. Makubaliano yake na Roma yalikuwa wazi: afundishe hadi mwisho wa msimu, kisha abaki kama mshauri wa wamiliki. Hakukuwa na mazungumzo ya miaka mitatu wala ya kujenga upya. Roma ilipanda kutoka nafasi ya 12 hadi ya tano, ikakosa Ligi ya Mabingwa Ulaya kwa pointi moja, na Ranieri akaachia benchi kama alivyoahidi.

Tukilinganisha mkataba wa De Rossi na wa Ranieri tunaona kosa lilikuwa wapi. Kijana alipewa ahadi ya miaka mitatu na uvumilivu wa mechi nne. Mzee alipewa kazi inayolingana na muda aliokuwa tayari kuutoa.

Je, wachezaji watamheshimu?

Hii ndiyo hoja inayotolewa zaidi dhidi ya makocha vijana, na haifai kupuuzwa, hasa katika jamii zetu ambako mdogo humpa mkubwa shikamoo. Je, mtu atamkemea vipi mchezaji aliyemzidi umri?

Juni 2024 Brighton ya England ilimwajiri Fabian Hürzeler akiwa na miaka 31. Katika kikosi alimkuta James Milner, aliyemzidi miaka saba. Milner alianza kucheza Ligi Kuu ya England mwaka 2002, wakati kocha wake huyu alikuwa mtoto wa miaka tisa. Kazi ikaendelea. Nagelsmann naye alipoanza Hoffenheim alimkuta mshambuliaji Kevin Kurányi, mkubwa kwake kwa zaidi ya miaka mitano.

Wachezaji wa kulipwa huangalia jambo moja mapema sana: je, huyu anajua anachonifundisha, na kitanisaidia kushinda? Akijua, watamfuata. Asipojua, hata akiwa babu yao watamwitikia kwa mdomo tu. Heshima ya shikamoo na heshima ya mazoezini ni vitu viwili, ingawa ni kweli kwamba kocha kijana anayepewa timu bila viongozi wake kumsimamia hadharani huliwa mapema. Mchezaji nyota anayeweza kumpigia simu mwenyekiti usiku humaliza mamlaka ya kocha yeyote, na kwa kocha kijana humaliza haraka zaidi.

Upande wa pili, wazee hushutumiwa kwamba mpira umewapita. Mara nyingine ni kweli. Mpira wa leo una vipimo vya kasi ya kila mchezaji, picha za video za kila mguso, na wasaidizi wengi kuliko zamani. Lakini Alex Ferguson alibeba ubingwa wake wa mwisho na Manchester United mwaka 2013 akiwa na miaka 71, na Raymond Goethals alikuwa na umri huohuo alipochukua Ligi ya Mabingwa Ulaya na Marseille mwaka 1993. Ferguson alidumu kwa sababu alibadilisha wasaidizi wake mara kwa mara na kuwaachia sehemu kubwa ya kazi ya mazoezi. Mzee anayekubali kusaidiwa hapitwi upesi.

Afya na uchovu

Hapa umri una uzito, tuseme ukweli. Februari 2024 Roy Hodgson, mwenye miaka 76, aliugua mazoezini akiwa na Crystal Palace, na siku chache baadaye akajiuzulu. Ndiye kocha mzee kuliko wote kuwahi kufundisha Ligi Kuu ya England. Mwaka mmoja kabla aliitwa kuinusuru klabu hiyo isishuke na akafanikiwa. Kumwita kwa kazi ya miezi michache kulikuwa sawa. Kumwongezea msimu mzima ndiko kulikohitaji kufikiriwa mara mbili.

Lakini kazi hii huwachosha hata wasio na mvi. Pep Guardiola aliondoka Barcelona mwaka 2012 akiwa na miaka 41, akisema amechoka, akapumzika mwaka mzima. Jürgen Klopp aliiaga Liverpool akiwa na miaka 56 kwa sababu nguvu zilikuwa zinamwishia. Katika klabu hiyohiyo Gérard Houllier aliugua ghafla wakati wa mechi mwaka 2001, akafanyiwa upasuaji wa moyo, akakaa nje miezi mitano. Alikuwa na miaka 54. Faé mwenyewe aliacha kucheza akiwa na miaka 28 kwa maradhi ya mishipa ya damu.

Kwa hiyo klabu inayotaka kujua afya ya kocha imwombe akapimwe, kama inavyowapima wachezaji kabla ya kuwasajili. Tarehe ya kuzaliwa haiwezi kusoma shinikizo la damu.

Sheria nazo zina neno. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inautaja umri miongoni mwa mambo ambayo mwajiri haruhusiwi kumbagulia mtu, isipokuwa kama kazi yenyewe kwa asili yake inahitaji hivyo. Kenya, Ibara ya 27 ya Katiba ya 2010 inakataza ubaguzi wa umri. Klabu ya mpira ni mwajiri kama mwajiri mwingine.

Leseni: kizuizi kisichotajwa

Makocha vijana wengi hukwama sehemu ambayo mashabiki hawaioni. Oktoba 2022 klabu ya Reims ya Ufaransa ilimpa timu Will Still, aliyekuwa anatimiza miaka 30 mwezi huohuo. Hakuwa na leseni ya juu inayotakiwa, na kila mechi aliyokaa benchi klabu ililipa faini ya euro 25,000. Reims iliona afadhali ilipe, kwa sababu timu ilikuwa haifungwi.

Klabu zetu hazina fedha za namna hiyo. Barani Afrika ngazi za leseni za CAF huanzia D, kisha C, B, A na Pro, na kocha mkuu wa klabu inayocheza mashindano ya CAF lazima awe amefika ngazi za juu. Kila ngazi ina kozi yake, ada yake, na muda wa kusubiri kabla ya kwenda nyingine. Nafasi si nyingi, na kozi nyingi hufanyika mijini. Mwalimu wa shule ya msingi anayefundisha timu ya wilaya, anayepeleka vijana UMITASHUMTA kila mwaka, akianza na leseni D akiwa na miaka 30 anaweza kuzeeka njiani. Akifika juu ataambiwa hana uzoefu wa ligi kuu.

Na hapa ndipo neno "uzoefu" linapofanya kazi ya kificho. Klabu zetu ni nadra kusema zinamtaka mtu mzima au kijana. Zinasema zinatafuta "kocha mzoefu" au "kocha wa kisasa", na kila msikilizaji anajua picha gani imekusudiwa. Kocha mzawa huangukia katikati: akiwa na miaka 35 hajakomaa, akifika 55 mbinu zake ni za zamani. Ni lini basi huwa na umri unaofaa? Mara nyingi ni pale mgeni anapofukuzwa, kisha yeye akaitwa "kaimu".

Afrika Mashariki tumeona njia tofauti zikifanya kazi. Simba ilimpa timu Fadlu Davids mwaka 2024 akiwa na miaka 43. Alikuwa msaidizi wa Raja Casablanca, na msimu wake wa kwanza ukaishia kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane. Kenya ilimchukua Benni McCarthy mwaka 2025 akiwa na miaka 47, na katika CHAN akawafunga Morocco na DR Congo kabla ya kutolewa na Madagascar kwa penalti. Taifa Stars ilifuzu AFCON 2025 chini ya mzawa Hemed Suleiman "Morocco", lakini ikaenda kwenye mashindano hayo na Miguel Gamondi, Muargentina aliyezaliwa 1966, na kwa mara ya kwanza ikavuka hatua ya makundi. Kila shabiki atachagua mfano unaomfaa katika ubishi wake. Nikiutazama huu wa Stars, naona sifa ni za wote wawili, na naona pia kwamba aliyeijenga safari hakuwepo kwenye benchi ilipofika.

Klabu kadhaa kubwa za ukanda huu zina wanachama wenye kadi na haki ya kuhoji kwenye mkutano mkuu. Kocha mpya akitangazwa, maswali ya kumbana nayo mwenyekiti yapo, na hakuna hata moja linalohitaji cheti cha kuzaliwa. Timu ya mwisho aliyoifundisha ilicheza vipi, na aliiacha lini? Mkataba wake ni wa muda gani, na akifukuzwa mapema klabu italipa kiasi gani? Kama ni mzee, ni nani anayejifunza pembeni yake? Kama ni kijana, ni nani mkubwa wa kazi aliye karibu naye siku timu ikifungwa mechi tatu mfululizo? Na yule msaidizi mzawa aliyekaa benchi misimu minne akiwapokea na kuwaaga makocha wa kigeni, je, mwaka huu klabu imemlipia kozi ya leseni inayofuata?